Maji Bado Hayajamaliza Kazi



Ijumaa iliyopita nilifika Kendu Bay jua likiwa limeanza kulegea. Anayeufahamu upande huu wa Homa Bay anajua Ijumaa ya Karachuonyo ilivyo. Tangu Waadventista walipofungua misheni yao pale Gendia mwaka 1906, familia nyingi hapa zimeishika siku hii kuwa siku ya maandalizi, na kazi za nyumba hukimbizana na jua. Chakula cha Sabato kipikwe, ua ufagiliwe, viatu vipigwe rangi, na zaidi ya yote nguo zifuliwe zikauke kabla giza halijaingia. Ukipita njiani saa tisa alasiri, utasikia sauti ileile boma baada ya boma: nguo ikisuguliwa kati ya viganja viwili, taratibu, bila kuchoka.

Nilikwenda kumwona bibi mmoja aliyekuwa ametoka hospitalini wiki mbili kabla. Nilitarajia kumkuta kitandani. Nikamkuta chini ya mwembe, amekaa kwenye kigoda, mbele yake mabeseni matatu na karai moja kuukuu, mjukuu wake wa miaka kama tisa akimsaidia. Nguo nyeupe zilikuwa zimeshatoka: gauni la kanisani, shati la shule, kitambaa cha meza. Yule mtoto alipoona maji ya beseni la kwanza yamebadilika rangi, alilishika kwa mikono miwili akaanza kulibeba kwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba.

"Nyathina, mwanangu, wacha," bibi akamwambia bila ukali. "Hayo maji bado hayajamaliza kazi."

"Lakini Dani, yamechafuka."

"Yamechafuka kwa nguo nyeupe. Kwa jezi ya kaka yako, hayo ni maji safi kabisa."

Kisha akafanya jambo ambalo limekaa nami wiki nzima. Akachovya vidole viwili katika yale maji ya kijivu, akavisugua pamoja polepole, kama mtu anayepima unga sokoni. "Bado yana utelezi," akasema. "Sabuni imo." Akaiweka jezi ndani.

Nilivuta kiti nikakaa, na kwa muda wa saa nzima nilitazama kazi ambayo nimeiona tangu utotoni bila kuitazama. Nyeupe hutangulia, kwa kuwa hazina uchafu mwingi. Wala hatii Jik, dawa ya kung'arisha nguo, katika beseni la kwanza, kwani ingezichujisha nguo za rangi zinazofuata. Maji ya kusuuzia nguo nyeupe, ambayo karibu yanaonyesha chini, ndiyo yanayokuwa maji ya kufulia vitenge na sare za shule. Maji ya vitenge hupokea nguo za shambani, na suruali ya mwana anayetoka ziwani ikinuka omena. Yakitoka hapo, ni meusi kama chai ya rangi, lakini bado yana kazi: yatapiga deki sakafu ya baraza, na yanayobaki yatasafisha choo. Mitungi mitatu ya lita 20 imefua nyumba ya watu sita na kuiosha.

Unaweza kuuliza, mpendwa, bibi huyu anabania maji kwa nini, na ziwa lile pale chini linametameta? Ziwa ni kubwa, lakini kutoka ziwani hadi kwenye boma maji hupanda kilima juu ya kichwa cha mtu au mgongoni mwa punda, na kila mtungi una jasho lake. Wapo wanaozipeleka nguo ufuoni wakazifulia kwenye mawe, na hatuwalaumu. Lakini povu hilo hubaki ziwani. Likichanganyika na mbolea inayoletwa na mito na maji machafu ya miji yetu, hulisha magugu maji ambayo tangu miaka ya 1990 yamekuwa yakiliziba Ghuba la Winam hata mitumbwi inashindwa kupita. Maji yaliyotumika mara nne katika ua wa bibi hayatafika huko. Anayeyatunza machache anawatunza na majirani asiowajua.

Niliondoka na lile neno: bado hayajamaliza kazi. Sikujua kwamba nitakutana nalo tena kwa sura nyingine.

Jumanne nilikuwa na safari ya Migori. Kutoka Homa Bay unapanda hadi Rongo, ukaifuata barabara kuu kuelekea Tanzania, ukapita kwenye mashamba ya miwa ya Awendo, na hatimaye unavuka mto wenye jina moja na mji. Huko yuko mzee mmoja, fundi wa umeme aliyestaafu, ambaye starehe yake ni kufufua mashine kuukuu za kufulia. Katika kibanda nyuma ya nyumba yake ameweka mashine mbili za matangi pacha, tangi moja la kufulia na jingine la kukamua kwa kuzunguka. Anayo pia moja ya zamani zaidi, ya duara, yenye miguu minne na roli mbili za mpira juu yake, ambayo zamani ilikuwa katika nyumba ya wamisionari. Kampuni ya Maytag ya Marekani iliendelea kutengeneza mashine za roli hadi mwaka 1983. Nyumba zisizo na umeme ziliwahi kuuziwa zenye injini ndogo ya petroli chini ya tangi. Katika mashine hiyo hakuna kumwaga maji kila mara. Unajaza tangi mara moja, unafua nyeupe, unazipitisha kwenye roli zikamuliwe, maji yake yanarudi tangini, kisha unatia za rangi.

"Kama dada zetu wanavyofanya na mabeseni," nikamwambia.

"Ndiyo hivyo hivyo, Mchungaji. Watu wanadhani mashine ilikuja kuwafundisha akina mama. Akina mama ndio waliomfundisha aliyeitengeneza mashine."

Akanieleza kwamba baadaye, katika miaka ya 1950 hivi, Wamarekani walikuwa na mashine zilizokwenda zenyewe ambazo zilijua kuyahifadhi maji ya povu. Ukibonyeza swichi yake, mashine ilipomaliza kufua haikuyatupa maji mtaroni. Iliyasukuma kwa pampu hadi kwenye sinki kubwa lililokuwa kando yake, lenye kizibo. Yalikaa pale nguo zikisuuzwa kwa maji mapya. Zilipotiwa nguo za awamu ya pili, mashine iliyanyonya tena yale maji, yakiwa bado na joto lake na sabuni yake. Nyumba nyingi ziliziacha mashine hizo zamani, lakini mpaka leo wako watu huko ng'ambo wanaozikusanya, kuzitengeneza na kuzitumia kwa upendo, kama mzee huyu wa Migori.

Yeye naye ameunda ya kwake. Mpira wa maji unatoka kwenye tangi la kufulia unaingia katika pipa la plastiki, na pampu ndogo huyarudisha maji tangini. Alinionyesha kitu kimoja ambacho nisingekiona peke yangu. Ndani ya pipa, ncha ya mpira unaonyonya ameifunga kwenye kijiti, ikaning'inia kiasi cha vidole vinne juu ya sakafu ya pipa. Haigusi chini.

"Kwa nini usiifikishe chini uchukue maji yote?" nikauliza.

Akaniinamisha nitazame. Maji yalikuwa yametulia. Juu yalikuwa ya kijivu chepesi, na chini kabisa kulikuwa na utando wa tope laini, vumbi jekundu la Migori lililotoka katika suruali na soksi za wiki nzima.

"Uchafu ni mzito," akasema. "Ukiyaacha maji yakatulia, unashuka wenyewe. Unachukua ya juu, unaacha ya chini. Ukiharakisha, utairudishia nguo uchafu wake. Siri haimo kwenye pampu, Mchungaji. Siri ni kungoja."

Hebu tutue hapa kidogo.

Ni mara ngapi, mimi na wewe, tumeyarudishia mambo uchafu wake kwa kuharakisha? Mume amerudi amekasirika, mke ana donge moyoni, na usiku huohuo lazima liishe. Maneno yanakorogwa, tope la mwaka juzi linapanda juu, na asubuhi wote wawili ni wachafu kuliko walivyolala. Kungoja siyo kukimbia. Ni kuuambia moyo: tulia kwanza, ili nione kipi ni maji na kipi ni tope. Kosa la ndugu yako ni zito, nakubali. Lakini kwa kuwa ni zito, ukimpa Mungu nafasi ya kuutuliza moyo wako litashuka chini, na juu yake utayaona maji uliyosahau kwamba yapo.

Maji gani hayo? Hapa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Tunapokosewa, wengi wetu huomba upendo mpya. "Bwana, nipe moyo wa kumsamehe," kana kwamba lazima lori la maji lishuke kutoka mbinguni. Na Bwana anaweza. Lakini mara nyingi yapo maji ambayo yameshatumika mara moja, na sabuni imo bado. Ni wema wa zamani wa mtu yuleyule. Siku aliyokusindikiza usiku. Sahani aliyokuletea ulipokuwa na homa. Wema huo ulifanya kazi yake siku ile, ukashukuru, ukadhani umekwisha. Haujaisha. Chovya vidole viwili uupime. Wema wa jana una uwezo wa kufua doa la leo.

Niruhusu nikusimulie langu.

Mwaka niliokwenda chuo cha Biblia, nyumbani hapakuwa na karo. Mdogo wangu alikuwa na baiskeli nyeusi, ambayo alibebea samaki kutoka ufuoni Karungu kupeleka sokoni. Ilikuwa mkono wake wa kulia. Aliiuza. Akanipa pesa zikiwa zimekunjwa ndani ya gazeti, akarudi kubeba samaki kwa kichwa. Nililia siku ile, nikaapa sitasahau.

Nilisahau. Baada ya kumzika baba yetu tulikosana kwa sababu ya mpaka wa shamba, safu ya minyaa ambayo kila mmoja wetu aliona imesogezwa. Katika kikao cha ukoo alisema neno juu yangu mbele ya wazee, na mimi nikasema lingine. Miaka miwili tukasalimiana kwenye mazishi tu. Kila nilipojichunguza niliona simchukii, na hilo likanipa amani ya uongo. Kweli sikumchukia. Nilikuwa nimemmwaga. Nilimwona kama maji yaliyochafuka, nikamtupa nyuma ya nyumba, nikaendelea kuhubiri.

Jumanne ile, nikiwa kwenye matatu narudi kutoka Migori, tulipoipita Awendo kijana mmoja alikuwa akisukuma baiskeli iliyosheheni miwa. Baiskeli nyeusi. Nikasikia sauti ya bibi wa Kendu kana kwamba amekaa kiti cha nyuma yangu. Hayajamaliza kazi. Nilishuka Rongo, nikasimama kando ya kibanda cha mahindi ya kuchoma, nikampigia simu.

"Omera, ndugu yangu," nikasema, "mvua imefika huko?"

"Imefika kidogo."

"Mahindi?"

"Yameota."

Tukanyamaza. Nikasikia kuku upande wake. Ndipo nikasema, "Leo nimeikumbuka baiskeli yako."

Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema taratibu, "Ile ilikuwa na breki mbovu. Ingeniangusha siku moja."

Ndivyo alivyonisamehe, kwa kuifanya sadaka yake kuwa ndogo ili deni langu lisiwe kubwa. Mpaka wa shamba bado hatujauzungumza. Tutauzungumza. Lakini tutauzungumza tukiwa na maji ndani ya beseni.

Mpendwa, ni nani uliyemmwaga? Sisemi uliyemchukia. Nauliza yule ambaye ulimwacha tu, ukaona kazi yake katika maisha yako imekwisha. Si mbali na boma la yule bibi kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo maji yake ni ya magadi. Wazee wa Karachuonyo husimulia kwamba zamani hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa sherehe akafika mwanamke mzee, amechoka, akaomba mahali pa kupumzika. Walimwona ni mtu aliyekwisha, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimkaribisha, akaokoka. Mvua ikashuka, kijiji kikazama. Sikisimulii kisa hiki kukutisha. Nakisimulia kwa sababu ya jicho lile la wanakijiji, linalomtazama mtu na kuamua haraka kwamba hana kazi tena. Kila nikipita pale najiuliza: je, na mimi nina jicho hilo?

Sasa nikwambie neno la tahadhari, kwa maana mchungaji anayewapenda kondoo hawezi kulinyamazia.

Si maji yote ya kurudia. Kule Nyatike, katika machimbo ya dhahabu ya upande wa Macalder, wachimbaji wadogo huosha mchanga wa mawe kwa maji, na wengi hutumia zebaki kuinasa dhahabu. Maji yaliyopita kwenye zebaki hayapelekwi jikoni, wala hayanyweshwi ng'ombe, hata yakitulia siku kumi na kuonekana safi juu. Sumu haishuki yote chini kama tope. Na yule bibi mwenye huruma na kila tone, mtoto akiharisha, maji aliyofulia nguo zake huyapeleka chooni moja kwa moja. Kwa hiyo, kama wewe ni dada unayepigwa nyumbani, au mtoto aliyeumizwa na mtu aliyepaswa kumlinda, usisikie katika tafakari hii sauti inayokwambia urudi kwenye sumu. Unaweza kumwombea mtu ukiwa mbali, mahali salama. Unaweza kuachilia kisasi bila kurudisha mkono wako motoni. Mungu hakuhesabii hilo kuwa ni kukosa upendo.

Bibi alinifundisha na kanuni moja zaidi. Maji ya povu hayalazwi siku mbili. Yakilala yananuka, kwa sababu jasho na uchafu uliomo huoza. Ukiyahifadhi, yatumie. Akiba isiyotumika huharibika.

Nilipolisikia hilo nilimkumbuka mfalme Daudi. Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 14, mwanawe Absalomu amemwua ndugu yake Amnoni, amekimbilia Geshuri, na amekaa uhamishoni miaka mitatu. Moyo wa baba unamtamani, lakini mkono wake haunyooki. Ndipo Yoabu anamtuma mwanamke mwenye hekima kutoka Tekoa aseme na mfalme. Na mwanamke yule anatumia picha ambayo sisi wa Afrika Mashariki tunayo katika methali: maji yakimwagika hayazoleki. Anamkumbusha mfalme kwamba sisi wanadamu tunakufa, kama maji yaliyomwagika ardhini ambayo hayakusanyiki tena. Methali yetu huishia hapo, na wengi wetu huishia hapo tunapohesabu hasara. Mwanamke wa Tekoa anaendelea. Anasema kwamba Mungu hapendi kuuondoa uhai. Hutafuta njia, ili aliyefukuzwa asibaki amefukuzwa daima.

Mungu hutafuta njia! Anatangulia kuweka beseni chini kabla maji hayajafika ardhini.

Daudi alisikia, akamrudisha mwanawe Yerusalemu. Lakini, na hapa moyo wangu huuma kila nisomapo, hakumruhusu aone uso wake. Miaka miwili mizima Absalomu alikaa katika mji mmoja na baba yake bila kumwona. Maji yalihifadhiwa, hayakutumiwa. Na tunajua jinsi yalivyooza, mpaka mwana akainua jeshi juu ya baba. Je, unaye mtu uliyemsamehe kwa mdomo, lakini hajauona uso wako? Amerudi mjini, bado hajafika mezani?

Nilikumbuka na habari nyingine, ya chumba kile cha juu, usiku wa mwisho wa Bwana na wanafunzi wake, katika Yohana sura ya 13. Yesu anatia maji katika chombo na kuanza kuwaosha wanafunzi miguu. Nimesoma habari hiyo miaka mingi, na sijawahi kufikiria maji yenyewe mpaka wiki hii. Chombo kimoja. Miguu ya wanaume waliotembea kutwa katika vumbi. Injili haituambii kama maji yalibadilishwa njiani. Lakini nikiyawaza ni maji yaleyale, nayaona yakienda kutoka kwa mmoja hadi mwingine, yakizidi kuwa meusi, Bwana amepiga magoti, hatafuti mtungi mpya kwa ajili ya aliye bora wala hamruki aliye mbaya. Yuda alikuwapo. Naye aliguswa na mkono uleule, katika usiku uleule alioutumia kumsaliti Bwana wake. Upendo wa Bwana haukuona kwamba umetumika mno ukamkosa wa mwisho.

Labda wewe msomaji ndiye unayejiona kama maji ya mwisho. Umewalea watoto, umewazika wazazi, umefundisha shule ya Jumapili miaka ishirini, na sasa unaona huna weupe wa kumpa mtu. Kumbuka jezi. Usipofaa kwa gauni la arusi, unafaa kabisa kwa suruali ya mvuvi. Kuna mtu aliyechafuka kiasi kwamba angeogopa kuguswa na maji meupe, lakini akikuona wewe, uliyepita katika mengi, atakubali kuoshwa. Mungu hawanyimi kazi waliochoka. Anachovya vidole viwili, na kwa furaha anakuta utelezi bado upo.

Wiki hii nakuomba jambo dogo tu. Chagua jina moja. Usianze na kosa lake. Kaa kimya kwanza, hata siku moja au mbili, moyo utulie. Kisha tafuta wema mmoja aliokutendea zamani, mmoja tu, ulio wazi kama baiskeli nyeusi. Halafu uutumie wema huo kabla haujalala: piga simu, au peleka ndizi, au umsalimie kwa jina lake njiani. Usitarajie doa litoke mara moja. Nguo hazifuliwi mara moja katika maisha. Kila Ijumaa zimechafuka tena, na kila Ijumaa mama anatoa mabeseni bila kuona kwamba wiki iliyopita alifanya kazi ya bure. Uaminifu wa kila siku ndio huo.

Ijumaa ile sikuondoka mpaka jua lilipoelekea kuzama upande wa Mlima Homa. Nguo nyeupe zilikuwa zimekauka, gauni la kanisani likipepea kwenye kamba. Mjukuu alikuwa amekwisha kupiga deki baraza, na kwenye karai yalibaki maji kidogo mno, meusi. Akayatazama, akamgeukia bibi yake.

"Dani, na haya? Haya sasa yamemaliza?"

Bibi hakujibu upesi. Aliyatazama naye. Kisha akanyoosha mkono kuelekea uani, mahali ambapo mgomba mchanga ulikuwa umeinamisha majani kwa jua la mchana.

"Muulize yule," akasema.

Tuombe. Baba, asante kwa kuwa hukutumwaga tulipochafuka. Tupe mioyo inayotulia, ili tope lishuke. Utukumbushe wema tuliosahau, na utupe mikono ya kuutumia leo. Walio katika sumu, watoe. Walio mbali na nyuso zetu, walete karibu. Na sisi tunaodhani tumekwisha, tupeleke penye kiu. Amina.